Mwaka Kofia ya Baba Ilipomtosha Mtoto

Krismasi iliyopita tulikutana sote nyumbani Muthetheni, na baba yangu akawa wa mwisho kufika mezani, ingawa alikuwa anatoka chumbani kwake tu, hapo hapo kando ya sebule. Pilau ilikuwa imeshapakuliwa. Muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, ulikuwa bado unachemka jikoni kwa ajili ya wale wasioamini kwamba mchele ni chakula. Tulikuwa tunamngoja mzee aombee meza. Alisimama mlangoni, akashika fremu, akaitazama miguu yake kana kwamba ni watoto wakaidi aliowatuma dukani wakakataa kwenda. Kisha ikaanza kusogea, kidogo kidogo, imetanuka, nyayo zikikwaruza simiti bila kuinuka. "Uzee ni kitu mbaya," mtu mmoja akasema, nasi tukaitikia kama tuko kanisani. Tulikuwa tumeitikia hivyo mwaka mzima. Aliposahau jina la mbwa wake, uzee. Alipoanza kulowesha suruali, na mama yetu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, akawa anaanika mashuka nyuma ya zizi la mbuzi ili majirani wasiyaone, tukasema ni uzee, tukanyamaza. Mmoja tu ndiye hakuitikia siku hiyo. Kioko, mtoto wa kaka yangu, kijana wa Syokimau mwenye miwani minene, alikuwa ameweka simu kando, anamtazama babu yake miguuni. Akaniinamia sikioni. "Shangazi, hiyo si uzee. Hiyo mwendo mimi naijua." Na mkono wake ukaenda nyuma ya sikio, pale mrija unapopita chini ya ngozi, pale anapojigusa kila akiwa na wasiwasi. Pilau ikanishinda. Nilitafuna, lakini nilikuwa nimesharudi kwenye mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nangoja matokeo, na mtu anayengoja matokeo, kwetu, ni punda wa kila mtu. Mumbua, chota maji. Mumbua, mbuzi wameingia kwa mbaazi. Mumbua, kaa na mtoto. Hiyo ya mwisho sikuichukia. Mke wa kaka yangu, Ndinda, alikuwa amejifungua mvulana wake wa kwanza, na mvulana wa kwanza kwetu huitwa jina la babu yake, hilo halijadiliwi. Basi akaitwa Kioko, kama baba yangu. Na ukishaitwa hivyo, si jina tu umepewa, umekuwa yeye. Mimi nilimwita Nau, yaani baba, huku namfuta makalio. Mwaitu naye alimwita "mume wangu", na kila asubuhi akikuta nepi imelowa alipiga kelele hadi barabarani: "Aiya! Huyu mume gani wa kunikojolea kitanda kila siku? Mimi narudi kwetu!" Ndinda alicheka mpaka akashika tumbo. Ilikuwa nyumba ya kucheka, nyumba yetu, kabla ya mambo kugeuka.

Sasa lazima nikueleze habari ya kichwa cha baba yangu. Kilikuwa kichwa haswa. Tangu soko la Muthetheni hadi Mwala, hakukuwa na kofia iliyoweza kukiingia. Ile ya hudhurungi aliyoivaa Jumapili alishonewa na fundi mmoja Mwislamu kule Machakos mjini, ambaye, kwa maneno ya Baba mwenyewe, alipima mara ya kwanza, akatazama utepe wake kwa mashaka, akapima tena. Mwingine angeona haya. Baba aliona fahari. "Kichwa kidogo ni cha kuku," alikuwa akisema, na katika mabaraza ya ukoo watu walinyamaza alipokohoa, kwa sababu waliamini kichwa cha namna ile hakiwezi kuwa kitupu. Kwa hiyo mtoto alipoanza kukua kichwa, hatukuona ajabu. Tulifurahi! Wanawake walikuja na vibuyu vya uji, wakamfunua shuka, wakapiga vigelegele. "Amekuja yeye mwenyewe! Hii haijabaki kitu!" Na Jumapili, tukitoka kanisani, wageni wakiwa na vikombe vya chai mkononi, Baba alikuwa na mchezo wake. Alivua kofia yake, akamvika mtoto. Kofia ikamshukia mtoto mpaka kidevuni. "Kioko amepotea!" Baba akalia. "Nani ameona Kioko?" Halafu akaifunua, na mtoto akapepesa macho, na sote tukaanguka kwa kicheko kana kwamba hatukuuona mchezo huo Jumapili iliyotangulia.

Ndinda ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Nakumbuka siku aliyosema. Tulikuwa jikoni kwake, mimi natwanga mahindi ya muthokoi, yeye anapepeta, moshi umetubana macho, mtoto amelazwa juu ya gunia lililokunjwa. Alikuwa anatapika maziwa siku hizo, si kucheua kwa kawaida, yanaruka. Kilio chake kilikuwa kimekuwa chembamba. Mishipa ya utosini ilikuwa imetuna, na pale laini katikati, ambapo kwa mtoto mwingine hubonyea, kwake palikuwa pamevimba, pagumu. Na macho yake yalikuwa yameshuka, anatazama chini muda wote, weupe umetokeza juu, kana kwamba anachungulia kitu kifuani pake. Ndinda aliweka ungo chini. "Mumbua," akasema, "hii kichwa si ya mzee." Kisha akajiziba mdomo kwa mkono wote.

Usimcheke. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mke na baba mkwe wake. Mke hakalii kiti cha baba mkwe. Akikutana naye njiani anapisha. Hataji mwili wake, hata kidole, na mzee naye haingii jikoni kwa mkaza mwanawe, wala hamwiti jina, akitaka chumvi atasema, "Mumbua, mwambie mama ya mtoto." Sasa Ndinda angeanzia wapi? Nyumba nzima, kijiji kizima, kilikuwa kimetangaza kwamba kichwa kile ni cha baba mkwe wake. Kusema kichwa kina ugonjwa ilikuwa ni kumvua mzee kofia mbele za watu. "Si umwambie bwanako?" nikamuuliza. Kaka yangu alikuwa kibarua Athi River, kwenye saruji, akija mwisho wa mwezi. "Nilimwambia. Akamrusha mtoto juu akasema, profesa! Akarudi kazini." "Na kliniki?" "Kliniki walipima uzito. Wakasema uzito ni mzuri sana." Bila shaka ulikuwa mzuri, lakini nani aliuliza uzito wenyewe umekaa wapi? Akanishika mkono uliokuwa na mchi. "Wewe ni msichana wa hii boma. Wewe unaweza kumwambia. Mtoto wangu anaenda, Mumbua. Namwona akienda."

Nikamwambia. Baba alikuwa amekaa uani anabambua mbaazi, nikachuchumaa, nikachukua maganda machache mkononi ili nisionekane nimekuja na neno. "Baba, mama ya mtoto anaogopa. Kichwa cha Nau kinakua vibaya." Vidole vyake vikasimama. "Vibaya vipi?" "Anadhani ni ugonjwa." Akanitazama. Sikuwahi kumwona baba yangu akiumia, na mwanzoni sikujua kwamba ninachokiona usoni pake ni maumivu. Nilidhani ni hasira tu. "Kichwa hiki kimewalisha, kimewasomesha," akasema, "leo kimekuwa ugonjwa?" Akaamka, akaziacha mbaazi zake chini, kuku wakazishambulia. Jioni hakula. Mwaitu alinichamba mpaka nikakoma: kidato cha nne kimenipa mdomo, haya ndiyo matunda ya kusoma. Naye Ndinda, aliyekuwa amesikia kila kitu kutoka jikoni, akajifungia humo kwa aibu, chakula akawa anakitoa kwa mkono tu mlangoni nikipokee. Nilimkasirikia Baba. Nilimkasirikia hata Mungu. Mtoto alikuwa hasemi, mama yake hawezi kusema, na mimi niliyesema nilikuwa nimeambiwa ninyamaze.

Basi ikafika Jumapili. Wageni walikuwepo, chai ilikuwepo, mikate ilikatwa. Nadhani Baba alitaka kutuonyesha sote kwamba hakuna kilichobadilika, maana aliuanza mchezo mapema na kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Alimpakata mtoto, akavua kofia, akamvika. "Kioko amepotea!" Lakini Kioko hakupotea. Kofia ilikaa. Ilikaa juu ya nyusi kama inavyokaa juu ya kichwa cha mwanaume mzima, na chini yake tukaona kile kiuso kidogo, chembamba, na yale macho yanayotazama chini. Mtu mmoja aliyekuwa ameanza kucheka akakatisha. Baba aliivua kofia, akachungulia ndani, kama mtu anayetafuta nani ameipunguza. Akaivaa yeye mwenyewe. Ilimtosha, kama kawaida. Akamvika mtoto tena, polepole. Ikakaa. Nikasikia kikombe cha mtu kikigonga sahani yake.

Akasimama, mtoto mkononi, akatoka nje. Nilimfuata. Alivuka ua akaenda moja kwa moja mpaka jikoni kwa Ndinda, mahali ambapo hajawahi kufika tangu msichana yule aolewe, akasimama kwenye kizingiti. Ndinda alipomwona aligeuka upande wa ukuta, akajifunika uso kwa leso. "Ndinda," Baba akamwita. Jina lake. "Mwana wakwa, mwanangu, niambie vile umeona." Na Ndinda akaanza kusema, uso bado ukutani. Akasema yote: matapishi, kilio, utosi, macho, jinsi mtoto alivyokuwa ameanza kugeuza shingo akaacha, kwa sababu shingo ilishindwa na mzigo. Baba alisimama pale akisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Kesho yake alfajiri tulikuwa barabarani, yeye, Ndinda, mtoto na mimi.

Hospitali ya Machakos mjini walitutazama tu wakatuelekeza mbele, hospitali kubwa ya misheni kule juu kwenye baridi. Tulikaa huko muda mrefu. Wodi ilinuka sabuni na uji, na kila kitanda kilikuwa na mtoto wa kichwa kikubwa. Kila kitanda! Ndinda alisimama mlangoni akalia kwa sauti, na mama mmoja mnene akamwambia, "Lia, dada, lia umalize, halafu uje nikuonyeshe bomba la maji moto liko wapi." Sisi tuliokuwa tunaona haya kumtaja mtoto mmoja tulikuwa tumeingia katika kijiji kizima cha wenzetu. Daktari alitueleza kwa subira. Kila mtu ana maji kichwani, yanaosha ubongo, yanatengenezwa kila siku na yanapata njia ya kutoka. Njia ikiziba, yanajaa. Mtoto mchanga mifupa yake haijashikana, kwa hiyo kichwa kinapanuka. Mtu mzima fuvu lake limekaza, halipanuki, kwa hiyo maji yanaugandamiza ubongo ndani kwa ndani, na watu wa nje hawaoni kitu. Baba alisikiliza, kofia mapajani. "Maji?" akauliza. "Ni maji." "Daktari, sisi tunatoka Mwala kule. Tunachimba mchanga wa mto kutafuta maji. Tunafunga tukiomba maji. Na Mungu akaona ayaweke hapa?" Baba akainamisha kichwa kile kikubwa akalia, mbele ya daktari, mbele ya Ndinda, na Ndinda hakupisha wala hakugeuza uso. Alibaki kando yake.

Walimwekea mtoto mrija, kutoka kichwani, nyuma ya sikio, chini ya ngozi mpaka tumboni, maji yashuke huko. Siku iliyofuata macho yake yalikuwa yamepanda. Alimtazama mama yake usoni, na Ndinda akawa anacheka na kulia kwa pamoja mpaka nikaogopa ataanguka. Lakini tulikuwa tumechelewa. Jicho la kushoto maji yalikuwa yameshalila, halikurudi, na mpaka leo halioni. Nalisema hili wazi, kwa sababu watu wa nyumbani hupenda kulisimulia kama muujiza mtupu. Mtoto alilipa jicho moja kwa sababu sisi tulikuwa tunacheka. Baba alijua hivyo. Ile kofia hakuivaa tena. Aliitundika kwenye msumari sebuleni, na ukimuuliza atasema inamletea joto.

Mimi nami nilibadilika wodini humo. Baridi ya kule inauma, na wale watoto hawakuwa na kofia, kofia gani ingewaingia? Nilikata mikono ya sweta langu la shule, nikaazima sindano, nikamshonea Nau. Kesho yake yule mama mnene akaja na blanketi kuukuu. "Msichana, na wangu je?" Nikashona. Nikapima vichwa vya kila aina, vya wale waliopona na vya wawili ambao hawakuondoka pale wakiwa hai, nikiwatafutia kitambaa laini kisichokwaruza mshono. Matokeo yalipotoka, hata sikuyakimbilia. Nilishajua nitakuwa fundi, na ndivyo nilivyo, na duka langu liko Machakos mjini, na hakuna mteja aliyewahi kuambiwa kwangu kwamba ana kichwa kibaya.

Kioko akakua. Akiwa sekondari mrija ukaziba. Fuvu lilikuwa limeshakaza, kichwa hakikuongezeka hata kidogo, kwa hiyo mwalimu alidhani ni uvivu: kijana anaamka na kichwa kinauma, anatapika, anatembea miguu imetanuka kama ameng'ang'ania ardhi isimponyoke. Mama yake alimtazama mara moja tu, akafunga kikoi chake, wakaenda hospitali. Hiyo ndiyo sababu Krismasi iliyopita Kioko alimtazama babu yake, akausahau mlo.

Baada ya chakula tukakaa barazani, Kioko, Ndinda na mimi. "Anaburuta miguu, anasahau, anakojoa," Kioko akahesabu kwa vidole. "Zote tatu. Daktari wangu aliniambia, hata wazee wanajaa maji. Polepole, bila kuumwa kichwa. Watu wanasema ni uzee tu." Nikaingia kumwambia Baba. Nilikuwa na uzoefu, si ndiyo? Akanijibu kama alivyonijibu mwaka ule. "Kichwa changu kiacheni. Nimezeeka, niacheni na uzee wangu. Na nani amewaambia mimi nakojoa?" Kisha akageuza shingo, na nikajua sasa tofauti ya hasira na maumivu. Mwaitu akanitoa nje. "Mwache baba yako na heshima yake," akasema, naye analia.

Ndipo Ndinda akainuka. Ndinda wetu ana mvi sasa, magoti yanampa shida. Alipita sebuleni, chini ya ile kofia kwenye msumari, akaenda mpaka mlango wa chumba cha kulala cha baba mkwe wake, mahali ambapo mke wa kwetu hafiki, akasimama kwenye kizingiti. Nilidhani atageuka. Hakugeuka. "Baba," akasema, "niambie vile umeona."

Nikasikia kitanda kikilia, mzee akijigeuza kuelekea ukutani. Na akaanza kusema. Akasema miguu haimsikii, anaituma haiendi. Akasema anasahau aliko, anaamka hajui nyumba ni ya nani. Akasema habari ya mashuka. Yote, kwa sauti ndogo, uso ukutani, na Ndinda alisimama pale akisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

Hospitalini walimtoa maji kidogo kwa sindano mgongoni, kuona kama yatasaidia. Mchana ule ule alishuka kitandani akaenda dirishani, akiinua miguu, akatugeukia kama mwizi aliyekamatwa. Basi wakamwekea mrija. Alipozinduka, Kioko alikuwa amekaa kando yake. Mzee akapeleka vidole nyuma ya sikio la kijana, akapapasa, kisha nyuma ya sikio lake mwenyewe, akakuta bendeji. "Kumbe wewe ndiwe mkubwa," akamwambia. "Mimi nakufuata."

Nilirudi dukani kwangu. Daktari alikuwa ametuonya tusitarajie yote yarudi, na kweli, jina la mbwa bado linampotea. Lakini wiki iliyopita, asubuhi, nikiwa napiga pasi kola za sare, Mwaitu akapiga simu. Hakusalimia. Nilidhani analia.

"Mumbua! Mume wangu ameamka mkavu!"

"Mwaitu, yupi?"

"Huyu mzee, mjinga wewe! Huyu wa kwanza! Ngoja, anakuja mwenyewe aseme na wewe."

Nikangoja, simu sikioni, pasi mkononi. Na nikasikia viatu vya baba yangu kwenye simiti, kimoja baada ya kingine, vikiinuka na kukanyaga.